Zohali Bado Yuko Njiani

Siku hiyo Dunia ilizunguka mara tisa, ikashikwa na kizunguzungu, ikakaa chini ikalia.

Dunia alikuwa msichana wa miaka sita, amevaa sketi ya sare iliyomzidi kiuno. Jua alikuwa mwenzake mrefu tuliyemsimamisha katikati ya uwanja na sinia kichwani. Mimi nilikuwa nimekalia tofali, napiga jerikeni tupu la lita 20 kwa viganja: kila pigo mwezi mmoja, kila mapigo 12 mwaka. Hapa ni Adu, Magarini, kaunti ya Kilifi, kwenye darasa la chekechea la jamii ninalofundisha tangu nilipoacha chuo kikuu.

Tulikuwa tumepanga mawe mchangani kwa miduara. Duara la Dunia lilikuwa na mawe 12, jiwe moja kwa kila pigo. Duara la ndani kabisa lilikuwa na mawe matatu tu, kwa sababu sayari iliyo karibu zaidi na Jua huzunguka kwa siku 88, na mtoto aliyepewa nafasi ile alikuwa anakimbia anacheka. Zuhura alikuwa na mawe saba, Mirihi 23. Sayari za mbali hatukuweza kuzipangia jiwe la kila mwezi, uwanja usingetosha wala mawe yasingetosha. Kwa hivyo tulikubaliana: Dunia ikimaliza duara, Mshtarii anasogea jiwe moja kati ya 12, na yule wa baada yake anasogea jiwe moja kati ya 29. Wawili wa mwisho walisimama kwenye ua wa miiba na kazi yao ilikuwa ni kuimba.

Yule wa mawe 29 alikuwa mvulana mpole, mguu mmoja mbele, mikono mgongoni. Dunia ilipokaa chini kulia, yeye alikuwa amefika jiwe la tisa. Akaniuliza, "Mwalimu, mimi nitafika lini?"

Kabla sijamjibu, nikasikia sauti kutoka nje ya ua. Babu yake alikuwa ameegemea baiskeli, na sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani.

"Mwalimu," akasema, "sisi twaleta watoto hapa wasome. Ngoma wanazo nyumbani."

Nikamwamkia, nikamwambia kwamba wanasoma, wanasoma sayari. Akauliza mjukuu wake ni sayari gani. Watoto wakajibu kwa pamoja, kwa sauti ya wimbo niliowatungia: Sarateni!

"Nani kawaambia ile yaitwa Sarateni?"

"Kitabu, mzee."

"Basi kitabu kimekosea. Ile ni Zohali. Saratani ni kaa. Na tena ni nyota ya nuhusi hiyo, huyu mwana wampa nuhusi ya nini?"

Akapanda baiskeli. Alipokuwa anageuka akaongeza neno la tatu, kwa sauti ya chini lakini nililisikia: kwamba mtu aliyeshindwa na shule atawafundisha nini wenzake.

Niliondoka chuo nikiwa mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea ualimu wa fizikia na hisabati. Karo ilikwama, nikakwama nayo, na nikarudi nyumbani na begi moja na deni. Sasa naandika makala za kulipwa kwa neno, na asubuhi nafundisha watoto ambao wazazi wao wakivuna hunilipa mahindi, na wasipovuna hawana cha kunilipa. Yule mzee alisema mambo matatu. La tatu sina jibu lake. Lakini la ngoma na la jina nimeyafanyia kazi miezi kadhaa, na nilichokipata ndicho hiki.

*

Nianze na ngoma.

Watu wa pwani hii walijua mambo ya anga muda mrefu kabla ya ubao na chaki, na hawakuyaandika ukutani. Waliyatia mdomoni na miguuni. Chukua Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana, ambalo jina lake limetoka kwenye kulima. Kuna methali ambayo nadhani kila mtu aliyesoma Kiswahili Kenya alikutana nayo kwenye mtihani: Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua. Mimi niliiandika shuleni kama methali tu, nikapata alama zangu, nikasahau. Kumbe ni somo la falaki. Kuanzia mwishoni mwa Aprili, Kilimia huonekana kikizama magharibi jua likitua, kisha hupotea kwenye mwangaza wa jua kwa wiki kadhaa, na Juni huonekana tena mashariki alfajiri. Katikati ya kuzama na kuzuka ndipo masika inapokaa. Mkulima hakuhitaji karatasi. Alihitaji sentensi yenye vipande viwili vinavyopokezana, ambayo unaweza kuisema jembe likipanda na kushuka.

Wagiriama nao walihesabu wiki ya siku nne, na Jumwa ni moja ya siku hizo. Hadi leo ukiita "Jumwa!" sokoni Marafa watageuka wasichana watatu. Kalenda yenyewe imefifia, imebaki kwenye majina ya watu.

Waswahili wa mijini walikuwa na hesabu mbili kwa wakati mmoja. Moja ya mwezi, ya Kiislamu, kwa ajili ya funga na sikukuu. Lakini mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hivyo hauwezi kumwambia baharia kusi itaanza lini, wala mkulima apande lini. Ndiyo maana walikuwa na mwaka wa pili, mwaka wa jua, ulioanzia siku ya Nairuzi, neno lililotoka Uajemi. Huo waliuhesabu kwa miongo, mafungu ya siku kumi kumi. Na kumaliza mwaka hakukuwa jambo la kimya. Kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, bado wanauoga mwaka kila Julai: wanaume wanachapana na vikonyo vya migomba, wanawake wanaimba, kibanda cha makuti kinachomwa moto. Watalii hupiga picha na kuita tamasha. Lakini mtoto wa Makunduchi anajua kwa mwili wake kwamba kuna kitu kikubwa kimekamilisha duara, kwa sababu siku ile kijiji kizima kilikimbia, kikaimba, kikanuka moshi.

Na hapa kwetu Magarini, hakuna mtu anayeweza kuniambia kwamba ngoma ni mchezo wa bure. Mwaka wa 1913, Mekatilili wa Menza alipotaka Wagiriama wakatae kodi na kazi za Waingereza, hakuandika barua. Alizunguka vijiji akicheza kifudu, ngoma ya matanga. Watu walivutwa na ngoma, na kwenye ngoma wakapata ujumbe. Serikali ilielewa haraka kwamba ile haikuwa burudani, ikamkamata ikampeleka mbali, Kisii, naye akatoroka akarudi kwa miguu. Kaburi lake liko Bungale, hapa hapa Magarini.

Sisemi kwamba kifudu kilifundisha sayari. Hapana. Nasema kwamba katika ardhi hii jambo zito likitakiwa likumbukwe, lilipewa mapigo na hatua. Sisi wa shule ndio tuliokuja kuamini kwamba mtoto anayesoma ni yule aliyekaa kimya.

*

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma kidogo.

Mimi nilifundishwa sayari hapa hapa Magarini. Majina tisa kwa Kiingereza, ubaoni, kwa mpangilio, na sentensi moja ya kitoto ya kukaririwa ambayo kila neno lake lilianza kwa herufi ya sayari. Ukikosa mpangilio, kiboko. Nilijua majina kama ninavyojua namba za simu za zamani: nayasema, hayaniambii kitu. Na katika miaka yote ile hakuna aliyetutajia kwamba ukipanda bodaboda asubuhi kuelekea baharini, ukapita Gongoni na mashamba ya chumvi, utafika Ngomeni, mahali ambapo sayansi ya anga ilibadilika.

Nje ya Ngomeni, baharini, Waitaliano walisimamisha majukwaa ya chuma katika miaka ya 1960. Jukwaa la kurushia roketi liliitwa San Marco, la kuongozea likaitwa Santa Rita. Aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Luigi Broglio, mhandisi wa Kiitaliano, na kituo cha nchi kavu sasa kina jina lake. Sababu ya kuja kwetu ni ya kifizikia, na unaweza kumweleza mtoto kwa kumshika mikono na kumzungusha. Dunia inajizungusha, na karibu na ikweta ndipo uso wake unapokimbia zaidi, kilomita 1,670 hivi kwa saa. Roketi ikirushwa kuelekea mashariki kutoka hapa, inaondoka tayari imesukumwa. Na mashariki ya Ngomeni ni bahari tupu; kikianguka chuma, hakimwangukii mtu.

Kuanzia 1967 hadi 1988 setilaiti tisa zilipelekwa angani kutoka hapo kwa roketi za Kimarekani aina ya Scout. Maarufu kuliko zote ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru. Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA aliyesimamia mradi huo, aliipa jina la Kiswahili: Uhuru.

Kazi ya Uhuru ilikuwa kutafuta eksirei zinazotoka angani. Hewa ya dunia huzizuia zisifike chini, na hiyo ni heri yetu, lakini maana yake ni kwamba anayetaka kuziona lazima apande juu ya hewa. Kabla yake, roketi ndogo zilikuwa zikichungulia kwa dakika chache na kuanguka. Uhuru ilikaa juu zaidi ya miaka miwili, ikiifagia mbingu yote polepole, na ikarudisha orodha ya vyanzo zaidi ya 300. Vipimo vyake vilisaidia wanasayansi kushuku kwamba kile kilichoitwa Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza sayansi ya kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka wa 2002.

Nilisoma haya usiku, kwa simu, bando ikikaribia kuisha. Na nilipofika hapa nikaamka kitandani: mwaka wa 1971 Uhuru iligundua kwamba baadhi ya vyanzo hivyo vinapiga. Yaani vinawaka na kufifia kwa mapigo yasiyokosea. Centaurus X-3 kila sekunde 4.8. Hercules X-1 kila sekunde 1.24. Ni nyota zilizokwisha kufa, zimejibana zikawa ndogo na nzito mno, zinajizungusha, na kila zikizunguka mwali wao unatupita kama taa ya mnara baharini.

Kwa hivyo chombo chenye jina la Kiswahili, kilichoondoka kutoka bahari yetu, kilikwenda juu kikakuta mapigo ya ngoma. Na sisi tulichapwa kwa kukosea mpangilio wa majina.

Kesho yake niliweka saa kwenye simu, nikawapigia watoto jerikeni kwa mwendo wa Hercules X-1. Ni mapigo 48 kwa dakika, mwendo wa mama anayetwanga bila haraka. Wasichana wawili wakaanza kutwanga hewani bila kuambiwa.

Hawe wangu, bibi mzaa baba, anakumbuka mngurumo. Hakumbuki mwaka. Anasema walikuwa shambani, mbingu safi, wakasikia radi upande wa bahari, wakatazamana, mmoja wao akasema mvua inakuja, wakaharakisha kupanda. Mvua haikuja. Nilipomweleza ile radi huenda ilikuwa nini, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Basi wangetwambia, tusingepoteza mbegu."

Roketi ya mwisho iliyopeleka setilaiti kutoka Ngomeni iliondoka Machi 1988. Kituo bado kinapokea ishara za setilaiti, lakini Kenya ilipotuma Taifa-1 yake, tarehe 15 Aprili 2023, iliirusha kutoka California. Zipo sababu za fedha na za mitambo, nazielewa. Ila sababu ya mtoto wa Adu kutolijua jina Uhuru kama jina la chombo cha anga, hiyo sijaielewa hadi leo.

*

Sasa jina.

Yule mzee aliponiambia kitabu kimekosea, nilikasirika. Usiku nikaanza kutafuta ili nimshinde. Nikashindwa mimi.

Majina ya kale ya sayari kwa Kiswahili yametoka kwenye falaki ya Kiarabu, nayo ni matano, kwa sababu sayari zinazoonekana kwa macho bila chombo ni tano: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Waliyajua mabaharia, waliyajua wanazuoni, waliyajua waganga waliopiga falaki. Karne ya 20 ikaja, shule zikaja na vitabu vya sayansi vilivyotungwa kutoka Kiingereza, na hapo mambo yakachanganyika. Sayari ya kwanza ikaitwa Zebaki. Zebaki ni ile madini ya maji maji iliyo ndani ya vipimajoto vya zamani. Kwa Kiingereza madini hiyo na sayari hiyo zina jina moja, na naona ndiko ilikotokea: mtu alitafsiri neno, hakutazama juu. Kisha ya sita, yenye pete, vitabu na kamusi kadhaa zikaiita Sarateni. Sikiliza sauti yake na ya jina la Kiingereza la sayari hiyo, utaona mtego ulipo. Lakini Saratani ni kaa, moja ya buruji 12 za falaki. Zohali, jina la kweli la sayari hiyo, likasukumwa likapewa Uranusi. Na Neptuni ikapewa Kausi, ambayo kwa Kiarabu ni upinde, buruji nyingine.

Uranusi na Neptuni haziwezi kuwa na majina ya kale, si kwa Kiswahili, si kwa Kiarabu. Hazikujulikana. Uranusi iligunduliwa 1781, Neptuni 1846. Na hapa nilicheka peke yangu gizani, kwa sababu aliyeigundua Uranusi, William Herschel, riziki yake wakati ule ilikuwa muziki. Alikuwa mpiga kinanda wa kanisa katika mji wa Bath, Uingereza, na darubini alijitengenezea nyumbani.

Basi nikarudi kwa yule mzee, nikamkuta anafunga kamba za mbuzi, nikamwambia amesema kweli. Nikamuuliza alijulia wapi. Akasema ujanani alilima shamba la mzee mmoja wa Mambrui aliyekuwa mjuzi wa falaki, na jioni baada ya swala yule mzee alipenda kuzungumza, na msikilizaji wake alikuwa ni yeye tu. Hakusoma darasa hata moja. Majina yote matano anayo, kwa mpangilio.

Lakini kusahihisha wimbo si kama kusahihisha ubao. Ubao unafuta. Watoto wangu walikuwa wameimba Sarateni kwa wiki mbili, na jina lilikuwa limewaingia mpaka kwenye magoti. Niliwaambia sasa ni Zohali, wakaitikia ndiyo mwalimu, wakaimba Sarateni. Niliwaambia tena. Wakasema Zohali wakiwa wamekaa na Sarateni wakiwa wanazunguka. Mwishowe nilielewa kwamba mdomo unafuata sauti inakokwenda, na sauti ile ilikuwa imelizoea jina lile. Ikabidi niutupe wimbo wote, nitunge mwingine wenye mapigo tofauti: Utaridi mbio mbio, Zohali pole pole. Ndipo wakahama.

Hili nalisema kwa uwazi kwa sababu wapenzi wa kufundisha kwa nyimbo hawalisemi sana. Wimbo haujui ukweli na uongo. Unashika kile ulichopewa. Mimi nilikariri sayari tisa, na mwaka wa 2006 wanaastronomia wa dunia walikutana Prague wakapiga kura Pluto ikaondolewa kwenye orodha, na hadi leo mdomo wangu nikiuachia unahesabu tisa. Mwalimu anayeandika ubaoni anaweza kukosea leo akasahihisha kesho. Anayetia mtoto neno miguuni, na alitafute kwanza neno hilo.

*

Mzee alidhani nimeleta mchezo wa kigeni. Wageni nao wanao, ni kweli, na nimejifunza kwao. Mwanzoni mwa karne ya 20, Émile Jaques-Dalcroze, mwalimu wa muziki wa Uswisi, aliona wanafunzi wake wanasoma noti vizuri lakini hawana mapigo mwilini, akaanza kuwatembeza darasani. Mwaka wa 2004, kituo cha anga cha Armagh, Ireland ya Kaskazini, kiliweka vigae ardhini kwa miduara ili watu watembee kama sayari. Mawe yangu ya Adu ni ndugu wa mbali wa vigae hivyo.

Ila aliyenigusa zaidi ni Johannes Kepler. Mwaka wa 1619 alichapa kitabu alichoeleza ndani yake kwamba kila sayari ina sauti yake, akaiandikia noti, Zohali chini kabisa. Sauti hizo hazipo, hakuna anayezisikia. Lakini ndani ya kitabu hicho hicho imo kanuni yake ya tatu, inayofunga umbali wa sayari na muda wa mzunguko wake, na hiyo ipo, ndiyo inayotumika hadi leo kupeleka setilaiti. Kwa kanuni hiyo, iliyo mbali ina njia ndefu na pia inatembea polepole. Dunia inakwenda karibu kilomita 30 kila sekunde, Zohali haifiki 10.

Hiki ndicho watoto wa mawe wanakipata ambacho mimi sikukipata kwa kiboko. Niliwauliza nani amechoka zaidi, wakasema Utaridi. Nani amechoka kusubiri, wakasema Zohali. Hawajui neno kanuni, lakini kanuni wanaijua. Mengine mawe hayawezi kuyafundisha. Umbali wetu ni wa uongo, maana Neptuni iko mbali na Jua mara 30 kuliko sisi, na kwa kipimo cha mawe yetu angesimama nje kabisa ya uwanja. Ukubwa pia ni wa uongo. Hayo nawaambia kwa mdomo, na najua nusu yataanguka njiani.

*

Septemba 2024 mzee alinitumia mjukuu wake jioni: babu anakuita. Nilikwenda nikijua ni maneno mengine ya ngoma. Nikamkuta amekaa nje kwenye kigoda. Hakuna stima kule, giza ni giza. Akanionyesha kwa fimbo upande wa mashariki, juu ya mbuyu, nyota moja ya rangi ya manjano iliyofifia, iliyotulia bila kumetameta kama wenzake.

"Ile," akasema. "Nimemwonyesha huyu, aniambia mwalimu ndiye ajuaye."

Mtoto akaniuliza mbona haitembei. Nikamwambia inatembea. Nikamwambia ikizunguka mpaka irudi palepale kati ya nyota zile, itakuwa mwaka wa 2053 au 2054, na yeye atakuwa na miaka 35. Akafikiri.

"Na wewe mwalimu?"

"Mimi 55."

Nikatambua kwamba tangu nizaliwe Zohali haijamaliza duara hata moja.

"Mimi msinihesabu," babu akasema, akacheka.

Nilimuuliza kuhusu nuhusi. Akasema mzee wa Mambrui alimfundisha kwamba Zohali ni nuhusi kwa sababu ni nzito na inachelewa. Kisha akasema, kama anayejizungumzia, kwamba kuchelewa kwake hajaona kumemdhuru nani.

Jumatatu iliyofuata alikuja tena na baiskeli yake, akasimama pale pale kwenye ua wa miiba. Nilikuwa nimeshaanza kupiga. Akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, wakimbia. Hiyo si ngoma, ni mtu anayefukuza kuku. Punguza."

Nikapunguza. Dunia ikazunguka mara 11 kabla ya kizunguzungu kuishika. Zohali amefika jiwe la 11. Yamebaki 18.